Kiwango cha Walokwa

Treni ilikuwa imekwisha kuupita mnara wa mwisho wa Jiji la Mvukeni, na Lomuria hakuwa amemuaga mtu. Alikuwa amekaa juu ya furushi lake katika behewa la tano, magoti yake yakigusana na magoti ya watu asiowajua, na nje ya dirisha mabomba ya mvuke yalikuwa yakirudi nyuma, manene kama mapaja ya tembo, yakitoka jasho. Ndani ya treni ile mlikuwa na watu mia tatu na ushei, wote Walokwa, weusi wa kung'aa kama mkaa uliomwagiwa maji. Walikuwa wanarudi kwenye ziwa ambalo halijaona maji tangu babu zao walipolikimbia. Treni ilitolewa na Halmashauri ya Jiji, bila nauli. Halmashauri ilisema haimfukuzi mtu, ila anayetaka kwenda na aende, mlango u wazi. Wazee wakajibu kwamba mlango wa kutokea haujawahi kuwa na bawabu.

Lomuria alikuwa na miaka sitini na kitu, mwembamba, na kifuani alikuwa na mistari saba ya makovu iliyonyooka kama imepigwa rula. Kazi yake mjini ilikuwa kuziba nyufa za mabomba ya mvuke. Alikuwa akiishi na Nakiru, binti wa marehemu kaka yake, na asubuhi ile alimwambia anakwenda zahanati kupimwa macho. Nakiru hakuuliza. Alikuwa na yake: saa nane mchana alitakiwa kusimama mbele ya madiwani kueleza habari ya mkono wake.

Mkono wenyewe ulikuwa kwenye plasta. Wiki tatu nyuma, askari mmoja, Koplo Mtingwa, alimsimamisha kwenye ngazi za soko kwa sababu kikuku chake cha uraia kilichelewa kuwaka. Alimpiga rungu mara nne. Nakiru alipokwenda kushtaki, waliifungua kola ya koplo, kipimo cha maumivu kinachovaliwa shingoni, wakasoma, wakamwambia hakupigwa. Kwa sheria za Jiji, maumivu yasiyofika tano si kipigo, ni mguso wa kikazi. Yake yalikuwa mawili. Basi Nakiru aliguswa mara nne, na mfupa wake uliguswa mpaka ukawa vipande viwili.

Lomuria alijua kwa nini ilikuwa mbili. Ndiyo sababu alikuwa ndani ya treni.

Mbele yake alikaa mama mmoja na binti yake wa miaka saba hivi, jicho moja la mtoto limevimba hadi likafumba. Mama alimtazama Lomuria, akatazama makovu yaliyochungulia shatini, akamtazama tena.

"Wewe si Lomuria wa Kiti?" akauliza.

Lomuria alisema yeye ni fundi wa mabomba. Lakini mama alikwisha kugeuka, anawaambia wa nyuma, na wa nyuma wanawaambia wa nyuma yao. Kwamba ni yeye. Kwamba huyu ndiye walimpiga mbele ya mashine yao na hakupepesa kope. Mzee mmoja mwenye meno mawili akanyoosha mkono kutoka mbali ili amguse tu begani. Akamgusa bega bovu.

"Mtazame babu," mama akamwambia binti yake. "Siku wakikushika tena, ukumbuke umemwona. Mlokwa haumii."

Mtoto akamtazama Lomuria kwa lile jicho moja zima.

"Mimi niliumia," akasema, taratibu, kama mtu anayeomba radhi.

Mama akamkanya kwa jicho. Juu ya mlango kipaza sauti cha behewa kilikuwa kinasoma habari za Jiji. Kilisema kwamba mchana ule madiwani wangepiga kura juu ya Sheria Ndogo ya Kumi na Nne: kwa jamii ambayo kiwango chake hakifiki tano, askari hatakuwa tena na haja ya kuandika ripoti anapotumia rungu. Kikasoma jina la jamii hiyo. Ilikuwa moja tu.

Treni iliposimama Kisima cha Saba kupandisha maji, Lomuria alishuka. Alimwachia yule mama furushi. Mama alidhani anakwenda kujisaidia, akamwekea mguu juu ya nafasi yake asiikalie mtu.

*

Kutoka Kisima cha Saba hadi mjini ni mwendo wa saa nne kwa mguu, ukifuata bomba. Lomuria alilifuata. Alikuwa amekwisha kulitembea mara nyingi na ndoo ya gundi, akitafuta mahali linapovuja, na alijua jambo ambalo kila fundi wa mvuke analijua: ukiziba huku bila kupunguza moto kule chini, mvuke utatokea kwingine. Laiti angelikumbuka siku ile kola ilipoletwa.

Tusiisingizie Halmashauri kwamba ililala. Miaka miwili nyuma, polisi waliua vijana sita wa Kilokwa kwenye foleni ya maji ya Soko la Bomba, na mji mzima ukatoka. Hata watu wa Kilele, wanaokaa juu ambako upepo ni wa baridi na mbwa wana majina, walishuka na mabango. Madiwani walikaa siku kumi na moja. Wakawaza kuwafunga askari. Chama cha askari kikasema kitagoma. Wakawaza kuwanyang'anya marungu, wakachekwa. Siku ya kumi na mbili akaingia mhandisi na kisanduku, na ndani yake mlikuwa na kola.

Kola ni kitu chembamba, kama utepe wa kofia, na huvaliwa shingoni chini ya ukosi wa sare. Rungu likimpiga mtu, hupima uzito wa pigo na husoma kikuku chake cha uraia. Kisha hupeleka habari kwenye kola, na kola humrudishia mpigaji maumivu yale yale kwenye mishipa ya shingo. Anayepiga na aonje. Mji ulipiga makofi. Lomuria naye alipiga makofi, uwanjani, akiwa amembeba mtoto wa jirani ili aone.

Shida ilikuwa moja: rungu linajua limepiga kwa nguvu gani, halijui limeumiza kiasi gani. Ili lijue, ingebidi kila raia achomekwe sindano uti wa mgongo. Wakaamua wapime mtu mmoja kwa kila jamii, na namba yake iwe ya jamii nzima. Na hapa ndipo wapenda haki walipofanya kazi yao vizuri kupita kiasi. Walisema haifai uchungu wa jamii moja uwe kipimo cha nyingine. Kila jamii na ilete mtu wake. Walokwa ndio waliopiga kelele kuliko wote. Walisema miaka sitini wanahesabiwa na wengine, safari hii watajihesabu wenyewe.

Jamii saba, watu saba. Kilele walimleta mwalimu wa kwaya, mama mmoja mwenye mapafu mapana, ambaye alipiga yowe rungu likiwa bado hewani. Akapata tisa.

Wazee wa Kilokwa walikaa siku tatu katika ua wa mbuzi wakijadili nani aende. Waliulizana ni nani mwenye moyo, ni nani hatawaaibisha. Katika siku zile tatu hakuna aliyesema tumpeleke mtu anayeumia. Jambo lenyewe halikuwapitia akilini, kama vile usivyowaza kumpeleka kiziwi kwenye mashindano ya kuimba. Mzee Apalia, mlinzi wa jiwe walilokuja nalo kutoka ziwani, ndiye aliyelitaja jina, na wote wakaitikia. Lomuria, ambaye akiwa na miaka kumi na sita alikalia jiwe la jando, akachanjwa ile mistari saba, na nzi akatua kwenye mboni ya jicho lake akatembea mpaka akachoka mwenyewe.

Kwa Walokwa, anayepepesa kwenye jiwe huitwa Kope mpaka anakufa. Jina lake la kweli halipewi mtoto. Akifa huzikwa nje ya ua, na mama yake huchekwa kisimani. Ili usiwe Kope unafundishwa pumzi, na pumzi hiyo haisemwi mbele ya mtu asiyekalia jiwe. Ni kiapo.

Basi Lomuria alikaa kwenye kiti cha Halmashauri, nyaya mgongoni, na fundi wa mashine, kijana mpole aitwaye Yusto Kabelwa, akamwomba radhi kabla hawajaanza. Rungu la kwanza, begani. Yusto akatazama kioo cha mashine, akatazama mtu, akamuuliza kama anasikia. Lomuria akajibu anasikia. Rungu la pili. Akamuuliza kama inauma. Lomuria akasema, hilo ni rungu. La tatu lilivunja mfupa wa mtulinga, na kila aliyekuwamo alisikia ulivyolia. Kioo kilisema mbili, mara zote tatu. Yusto akaandika mbili, kwa sababu ndicho alichokiona.

Walimrudisha nyumbani wamembeba. Mbuzi wawili walichinjwa. Walimtungia wimbo.

Baada ya miezi mitatu askari wa Kilele walikuwa wanapiga saluti hata kwa wezi. Takwimu za Jiji zilishuka, wageni wakaja kujifunza. Na yale marungu yote ambayo zamani yaligawanywa mji mzima yakahamia mtaa mmoja, kwa watu ambao ukiwapiga shingo inawasha tu kama umepitiwa na siafu.

Lomuria aliona. Alikuwa akirudi kazini anakuta majirani wanakandwa kwa maji ya moto, na wakimwona wanajikaza, wanatabasamu. Kwa heshima yake. Hakumwambia mtu. Angesema nini? Kwamba aliumia? Na alipoletewa Nakiru mlangoni, mkono umegeuka upande usio wake, Nakiru aliyezaliwa mjini, ambaye hajaliona jiwe hata kwa picha, alimkuta anang'ata kanga ili baba yake mdogo asimsikie.

*

Alifika ukumbini saa tisa na dakika kumi, vumbi limempanda hadi magotini. Nakiru alikuwa amekwisha kusema. Alikuwa ameketi benchi la walalamikaji, na kizimbani alisimama Koplo Mtingwa, mtu mnene, mwenye macho ya usingizi, kofia mkononi. Mwanasheria wa Jiji alikuwa anamuuliza kama alimuumiza yule dada.

"Mheshimiwa, mimi sina ugomvi naye," koplo akasema. "Mlinivika hiki kitu mkaniambia kitanifundisha. Nilimpiga, shingo ikaniwasha kidogo. Yeye anasema nilimuumiza. Shingo yangu ilisema sikumuumiza. Sasa nimsikilize nani?"

Hakuna aliyemcheka, kwa sababu halikuwa swali la kijinga.

Lomuria akanyoosha mkono. Meya, Bi Theodora Mlaki, mwanamke msafi, mwenye sauti ya daktari wa watoto, alikuwa mtu wa adabu, na jina la Lomuria alilijua. Picha ya mzee ilikuwa imetundikwa kwenye korido. Akamkaribisha mbele, akamwita mzee wangu, akaagiza aletewe maji. Nakiru alipomwona alisimama nusu, akakaa.

"Niliwadanganya," Lomuria akasema.

"Ulimdanganya nani, mzee wangu?"

"Mashine. Na ninyi. Na hawa wangu."

Mwanasheria akaomba aulize. Je, mzee anataka kusema siku ile aliumia? Lomuria akasema aliumia kama mtu yeyote anayevunjwa mtulinga. Bega halijapanda hadi leo. Mwanasheria akasema anamheshimu, lakini mashine haisomi uso, inasoma mishipa. Uso unaweza kudanganya. Mishipa je? Ama mishipa yake ilisema kweli wakati ule, au yeye hasemi kweli sasa. Kama kuna njia ya tatu, aieleze.

Njia ya tatu ilikuwepo. Lomuria alitazama juu, kwenye roshani ya wananchi. Wazee walikuwa wamepanga vigoda vyao safu ya mbele, na katikati alikaa Apalia, kidevu juu ya fimbo. Apalia alikohoa mara moja. Lilikuwa onyo, na lilitosha kumnyamazisha mtu yeyote wa kizazi chao.

Nakiru naye aliona. Akatikisa kichwa kumwambia asiseme. Hakujua ni kitu gani, alijua tu ni kitu kikubwa.

Lomuria akasema.

Alieleza yote, kwa Kiswahili chake cha mabomba. Kwamba unavuta pumzi kwa hesabu ya saba, unaifunga tumboni, na wakati wa kuiachia unayashusha maumivu hadi kisiginoni, unayakanyaga. Hayafi. Yanasubiri. Ukishaondoka kwenye jiwe, ukiwa peke yako, unafungua pumzi yanapanda yote.

"Mashine yenu husikiliza dakika moja," akasema. "Mimi naanza kuumwa dakika ya kumi."

Kule roshani ikasikika sauti ya mti juu ya mbao: Apalia alikuwa amesimama, amekipindua kigoda chake miguu juu, ishara ya kumkana mtu. Wa kulia kwake akapindua chake. Wakapindua wote, mmoja mmoja, wakatoka, wakiviacha pale kama mbuzi waliokufa. Lomuria hakugeuka. Alihesabu vigoda kwa masikio.

Meya alimwita Yusto. Kijana alikuwa amezeeka kwa miaka miwili ile. Alisema inawezekana, hakuna aliyewahi kufikiria kusikiliza zaidi ya dakika, yeye mwenyewe aliusikia mfupa ukivunjika akaamini kioo. Mwanasheria akauliza, inawezekana, au imethibitika? Yusto akasema inawezekana.

Hapo Lomuria akasema leteni kiti.

Kiti kilikuwa karibu, koridoni, kimezungushiwa kamba kwa ajili ya wageni. Walikifuta vumbi. Meya alimuuliza mara tatu kama ni hiari yake, akamtaka aseme kwa sauti ili iandikwe. Yusto akamfunga nyaya. Kwa kuwa sheria inataka mpigaji aliyesajiliwa, mwenye kola, na ukumbini alikuwamo mmoja tu, akaitwa Koplo Mtingwa, na kola yake ikaunganishwa moja kwa moja na kiti ili madiwani wapate shahidi wa pili.

Rungu la kwanza lilitua kwenye bega zima. Lomuria alikuwa amejiandaa kulia. Alifungua mdomo, lakini mwili ulikwisha kuhesabu. Miaka zaidi ya arobaini uliihesabu pumzi ile bila kumuuliza, kama mguu unavyojua ngazi za nyumbani. Kioo kikaandika mbili. Koplo akajikuna shingo.

La pili, Lomuria alipiga ukelele kwa makusudi, ukelele mkubwa, wa kuigiza. Kioo kikaandika mbili. Madiwani wakatazamana, na mmoja wa nyuma akaguna kile kicheko cha puani. Sasa walikuwa na mtu anayelia na mashine inayosema haumwi. Hakuna ushahidi mbaya kuliko huo, na alikuwa amewapa mwenyewe.

Nakiru akanyanyuka. Askari wa mlango alitaka kumzuia, Meya akamwashiria amwache. Akaja akachuchumaa mbele ya kiti, plasta yake juu ya goti la mzee.

"Baba mdogo, usihesabu," akasema. "Nisikilize mimi. La kwanza lilinipata hapa, kwenye kiwiko. Sikuanguka. Nilikuwa nimeshika nyanya, nikawaza zitapondeka. Unanisikia?"

"Nakusikia."

"La pili hapo hapo. Nikasikia kitu kinalegea ndani, kama jino. Nikamwambia, kaka, basi, umeshavunja. La tatu akapiga hapo hapo, baba. Alikuwa ananitazama. Hakuwa amekasirika hata kidogo, alikuwa kama mtu anayepiga msumari. Nikamwita mama. Mama amekufa nina miaka minne, simjui hata sura, nikamwita. La nne..."

Lomuria alikuwa ameacha kuhesabu. Meya akaashiria kwa kidole. Koplo akapiga.

Maumivu yaliingia. Lakini hayakuingia ya rungu lile peke yake; yalikuja na ya mtulinga, na ya mistari saba, na mengine aliyoyakanyaga njiani akiziba mabomba yanayochemka. Sauti iliyomtoka haikuwa ya kiume wala ya kike. Askari wa mlango, mtu mzima, alivua kofia. Kioo kikaandika tisa, na pale pale Koplo Mtingwa akaliachia rungu, akashika shingo kwa mikono miwili, akaanguka kifudifudi, akalia kama ndama.

Daktari wa ukumbi alikuja mbio. Alimruka Lomuria akamwinamia koplo.

*

Yusto alisema tisa ndiyo namba ya kweli, zilizobaki zifutwe. Mwanasheria alifungua kanuni. Kanuni ilisema kiwango cha jamii ni wastani wa vipimo vyote vilivyopatikana kihalali, na hakuna aliyedai kwamba vile vitano vya mbili vilipatikana kwa haramu. Mzee mwenyewe alikaa kwa hiari, mara mbili. Karani akajumlisha: mbili tano na tisa moja, gawa kwa sita. Ikaja tatu na chenga. Chenga zikaachwa.

Nakiru alisimama akauliza kama wamesikia alivyolia. Meya akamjibu kwa upole kwamba wamesikia, na kwamba wameguswa sana, ndiyo maana kiwango kinapanda. Alisema ni mara ya kwanza katika historia ya Jiji kwa jamii moja kupandishiwa kiwango kwa nusu nzima kwa siku moja. Watu wakapiga makofi. Wengine walikuwa wanalia kweli.

Sheria Ndogo ya Kumi na Nne ilipigiwa kura saa kumi na moja kasoro robo. Tatu haifiki tano. Ikapita, ishirini na sita kwa nane.

Koplo Mtingwa alilazwa siku mbili, akapewa likizo ya ugonjwa, kisha akahamishiwa bohari ya sare, ambako hakuna kola. Chama cha askari kilitumia kisa chake kudai kwamba vipimo vya moja kwa moja ni vya kikatili, na Halmashauri ikavipiga marufuku. Kwa hiyo hakuna Mlokwa mwingine aliyeweza kupimwa.

Yusto Kabelwa aliacha kazi mwezi uliofuata. Anatengeneza pampu za visima katika wilaya nyingine, na kati ya barua tatu alizoandikia magazeti hakuna iliyochapishwa.

Bi Theodora Mlaki alichaguliwa tena. Kura nyingi za mtaa wa Walokwa zilikwenda kwake, kwa kuwa mpinzani wake alisema wazi kwamba mbili ilitosha.

Mzee Apalia alikufa mwaka ule ule kwa ugonjwa wa ini. Walioketi naye wanasema hakutoa sauti mpaka mwisho.

Treni ya Walokwa ilifika ziwani siku ya pili. Watu mia moja na kumi walirudi kwa miguu kabla ya mvua. Yule mama na binti yake hawakuwa miongoni mwao.

Lomuria hakurudishwa kwenye mabomba ya mjini, kwa kuwa mabega yote mawili yalikuwa hayapandi. Alipewa kibanda Kisima cha Saba, kazi ya kusoma saa za mvuke. Walokwa waliopita na treni walimwita Kope dirishani, wengine wakamtupia mkate. Alikufa baada ya miaka mitatu. Nakiru na wafanyakazi wawili wa kisima ndio waliomzika, nje ya uzio, kwa sababu ndani ni mali ya Jiji.

Mkono wa Nakiru uliunga ukiwa umepinda. Anafua mashuka katika hospitali ya Kilele, ana watoto wawili, na hajakanyaga tena ukumbini. Mwaka jana alisimamishwa kwenye ngazi zile zile za soko akaguswa mara mbili. Hakushtaki.

Kiwango cha Walokwa mpaka leo ni tatu.